Giligilani na mnanaa kwenye ndoo hapa Dar: kabla ya kulaumu mkono, angalia maji

Nijibu kwa urefu kidogo, maana mleta mada kauliza mambo mengi kwa pamoja. Kwa wanaoingia sasa hivi: dada kapanga Dar, ana kibaraza cha kutosha ndoo saba nane, na jua linampiga kuanzia adhuhuri. Giligilani yake inaota vizuri, kisha ama inalala chini kwa usiku mmoja, ama inatoa maua kabla hajaonja kachumbari. Mnanaa umeungua kingo za majani. Rosemari aliyonunua kwa wauza maua wa barabarani imekauka. Anauliza kama ana mkono mbaya, mbegu apate wapi, na akisafiri wiki mbili afanyeje.

Dada, hayo ya mkono achana nayo. Mimi nipo Kigamboni, napanda kwenye ndoo zilizopasuka na madumu yaliyokatwa ubavu, na majani mengi ya kupikia nayachuma nje ya mlango wa jiko. Kwako naona shida nne tofauti zilizokutana kwenye kibaraza kimoja.

Nianze na mnanaa, kwa sababu huo ndio unaosema ukweli wa maji yako. Jani likiungua kingo tu huku katikati lipo kijani, na udongo haujakauka, mimi hushuku chumvi. Visima vingi vya huku Pwani vina maji ya chumvi. Unaogea, sabuni haitoi povu, unazoea. Mmea kwenye ndoo hauna pa kukimbilia: kila unapomwagilia, maji yanapaa na jua, chumvi inabaki. Baada ya muda utaona ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye mdomo wa ndoo. Hapo hata uongeze mbolea kiasi gani, unazidisha tu, maana mbolea nayo ni chumvi chumvi.

Dawa yake si ya kununua. Hakikisha ndoo ina matundu ya kutosha chini, na ile sahani ya kukingia maji iondoe, kwa sababu mmea unayanywa tena maji yaleyale yaliyosafisha chumvi. Kisha mwagilia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mengi mpaka yachuruzike chini kwa muda. Maji ya mvua ndiyo bora. Masika ikianza mimi natoa ndoo zote nje zioshwe. Kiangazi nakinga maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Kwa joto na unyevu wa Dar, kiyoyozi kimoja kinachofanya kazi mchana kutwa kinajaza ndoo, na maji yale hayana chumvi kabisa. Ya kunywa hayafai, ya mimea safi. Kama nyumbani huna kiyoyozi, muulize jirani mwenye nacho, yeye anayaona kero tu ukutani kwake. Maji ya kuoshea mchele nayo sawa. Ya kuchemshia maharage ukishatia chumvi, hapana.

Sasa giligilani, ambayo watu wa Pwani wengi mnaiita kotmiri. Hapa ndipo naona wengi wanaiendea vibaya: wanaitunza kama ua, wakitaraji mche uleule uwape majani mwaka mzima. Giligilani maisha yake mafupi. Inaota, inakupa majani, inapanda shina, inatoa maua, inazaa mbegu, kwisha. Joto linaiharakisha, na kuanzia Desemba hadi Machi hapa Dar mchana unafika nyuzi 31, 32. Jua la adhuhuri juu ya ndoo ya plastiki nyeusi linapika mizizi kabisa. Kwa hiyo ipande kama mchicha: mwaga kidogo, vuna, mwaga tena. Mimi nina vyombo vitatu vya kina kifupi. Kimoja nakula, kimoja kinakua, kimoja ndiyo kwanza kinachipua. Kila baada ya wiki mbili tatu narudia. Ikianza kupanda shina na kutoa yale majani membamba kama nyuzi, naing'oa yote na mizizi yake. Mizizi na vikonyo naviponda pamoja na kitunguu saumu, vinaingia kwenye mchuzi wa samaki mwanzoni kabisa. Majani yenyewe yasubiri mpaka sufuria inaepuliwa.

Mbegu usihangaike. Ile giligilani nzima ya pilau inayouzwa sokoni inaota, mradi isiwe imekaangwa wala kukaa dukani miaka. Jaribu chache kwenye kitambaa kibichi kabla hujapanda. Kila punje ile ya duara ndani ina mbegu mbili. Ibonyeze taratibu kwa chupa ipasuke katikati, usiisage. Loweka usiku kucha, kisha panda kina cha sentimita 1 hivi, palepale itakapokulia. Usiihamishe. Ina mzizi mkuu unaozama chini, ukiusumbua inakasirika na kukimbilia kutoa maua. Itachomoza ndani ya wiki moja hadi mbili, na wiki ya sita hivi unaanza kukata. Ukipenda mbegu za duka la pembejeo, uliza aina inayochelewa kutoa maua. Kwa miezi ya joto inasaidia, ila haifanyi miujiza.

Ile kulala chini kwa usiku mmoja ni kinyausi, ugonjwa wa miche michanga. Angalia shingo ya mche pale unapokutana na udongo: imesinyaa, imekuwa nyembamba na nyeusi. Ni ukungu, na unapenda miche iliyobanana kwenye udongo usiokauka. Mwaga mbegu kwa nafasi, mwagilia asubuhi badala ya usiku, na udongo usiwe mzito. Mchanganyiko wangu ni madebe mawili ya udongo, moja la samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, na moja la mchanga wa mto (wa baharini usiguse, tumeshazungumza habari ya chumvi). Mbolea ya kuku mbichi inaunguza miche, iache kwanza ioze.

Na lile jua la adhuhuri: funga shuka kuukuu au kipande cha neti ya kivuli upande unaopigwa. Au panga vyombo kwa akili, mchaichai mbele, giligilani na mnanaa nyuma yake.

Mchaichai ndio ningekushauri uanze nao, kwa kweli. Nunua sokoni mashina yenye kitako kizima, ikiwezekana na vijizizi, weka kwenye glasi ya maji, mizizi ikitoka hamishia kwenye ndoo kubwa. Jua lote la Dar ni lake, unalipenda. Kata majani ya pembeni, acha moyo. Baada ya mwaka hivi utabanana mpaka ndoo ivimbe, gawa kitako na ugawie watu. Angalia watoto tu, kingo za majani zinakata vidole.

Mnanaa hauna haja ya mbegu. Fungu la sokoni linatosha: chagua vijiti visivyo na maua, kata chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini, tia kwenye maji mahali pasipo na jua kali, badilisha maji kila siku mbili. Mizizi huchukua wiki moja au zaidi kidogo. Upe chombo chake peke yake, maana unatambaa na kumeza wenzake. Wewe mnanaa ulioungua usiutupe. Ukishasafisha udongo, ukate mpaka karibu na chini, utachipua upya. Majani yale ya biriani na juisi ya ndimu utakuwa nayo mpaka uchoke.

Kuhusu rosemari nitasema wazi: hapa Dar mimi siipandi tena kwa mapenzi, nikipita Lushoto au Arusha naiona inavyonawiri kwenye ubaridi ule, najua kwake ni kule. Inawezekana huku, lakini inataka udongo nusu yake mchanga, jua, hewa inayopita, na maji pale tu kidole kikizama kwenye udongo kikute pakavu. Ile ya barabarani mara nyingi imefungwa kwenye udongo mwekundu uliobana, ukimwagilia kila siku mizizi inaoza, na mmea uliooza mizizi unakauka, ndipo mtu anaongeza maji. Kama huitumii kwenye nyama choma mara kwa mara, hiyo nafasi weka vitunguu majani. Vile vitako vyenye mizizi unavyotupa ukishakata, chomeka kwenye udongo, siku chache tu vimetoa majani mapya.

Wengine mliochangia hapa mnaosema kivumbasi kinafaa badala ya mrehani kwenye mchuzi wa nyanya, mimi sikubaliani. Kwa mafua na mbu sawa. Kwenye chakula kinatawala kila kitu.

Safari ya wiki mbili: siku ya kuondoka mwagilia mpaka maji yachuruzike, sogeza vyombo vyote kivulini na uvibananishe pamoja, na utandaze majani makavu au makumbi ya nazi juu ya udongo. Makumbi yaoshe kwanza, nayo huwa na chumvi. Mchaichai utaukuta. Mnanaa ukate mfupi kabla hujaondoka ili usiwe na majani mengi ya kunywesha, na kama kuna mtu wa kukuachia ufunguo, huo ndio wa kumwagiza. Giligilani vuna yote, mpe jirani wa kiyoyozi, ukirudi mwaga mbegu nyingine.