Wasomaji wanauliza: Stargate SG-1, lile lango na huyu bwana Teal'c

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu Stargate SG-1, ile sirizi ya kijeshi ya Marekani ya wanajeshi wanaopita kwenye duara kubwa la chuma wanatokea sayari nyingine, nikasema kwangu mimi hiyo ni stori ya Teal'c kwanza, yule askari wa maadui aliyehamia upande wao, mambo ya lango, yaani hilo duara, yanafuata. Aisee meseji zilizokuja sikuzitegemea, wengine wamekasirika kabisa. Nimechagua hizi hapa.

Habari kaka. Kijana wangu ana miaka 14 anaitaka hiyo sirizi tangu asome gazeti lenu. Aanzie wapi, na kuna mambo ya aibu ndani? (Mama msomaji, Morogoro)

Nzuri mama. Aanze na muvi ya 1994 ya Roland Emmerich, humo ndo wanaeleza lile duara lilivyofukuliwa Giza, Misri, mwaka 1928 na mtaalamu wa maandishi ya kale akaja kugundua zile alama ni anuani za nyota. Halafu aingie kwenye sirizi yenyewe, ilianza 1997 ikaisha 2007, sizoni 10, episodi 214, kwa hiyo likizo moja haitoshi. Kuhusu aibu umeuliza swali la maana sana, episodi ya kwanza kabisa kuna mwanamke anaonyeshwa uchi, hata mmoja wa waliotengeneza sirizi, Brad Wright, hakuitaka ile sehemu. Mwaka 2009 waliitoa upya ile episodi imekatwa hiyo sehemu, mtafutie hiyo. Zinazofuata ni vita na damu ya kawaida tu, hata mkikaa sebuleni wote hamtaonana aibu.

Mi ni mwalimu wa fizikia. Adui akishajua mko upande ule si apite tu kwenye lango lililo wazi awafuate nyumbani? Naona uvivu wa waandishi hapa. (Nakuru)

Hapana mwalimu, hapo umewaonea. Lango ni njia ya kwenda tu, aliyepiga anuani ndiye anayepitisha watu, huwezi kurudi kwenye tundu lile lile mpaka lifungwe upigiwe upya kutoka upande wa pili. Mawimbi ya redio tu ndo yanakwenda na kurudi, ndiyo maana unawaona wanaongea na kambi huku hawawezi kurudi. Na kwa kawaida haliwezi kukaa wazi zaidi ya dakika 38. Halafu kambini kuna lile pazia la chuma linalojifunga mbele ya lango, usipotuma namba yako ya siri kwanza unakuja kujipigiza humo, na wanatusikilizisha kabisa ule mlio wa mtu anayegonga kwa ndani, puu, puu. Mara ya kwanza kuusikia nilisimamisha CD. Wewe kama mwalimu tafuta ile ya sizoni 2 inayoitwa A Matter of Time, lango linakwama limeungana na sayari iliyo jirani na shimo jeusi, muda kambini unaanza kwenda polepole kuliko nje, nadhani darasani utaitumia.

Mbona kila sayari wanaongea Kiingereza? Inaniboa hadi nimeacha kuangalia. (Tanga)

Hili limekuja mara nyingi na sina la kuwatetea nalo. Kwenye ile muvi walifanya vizuri mno, Daniel Jackson, yule mtaalamu wa maandishi, anafika anajua kusoma Kimisri cha kale lakini matamshi hajui, anafundishwa na binti wa kule kwenye ukuta wenye maandishi, neno kwa neno, na hiyo kwangu ni sehemu tamu kuliko mapigano yote ya mwisho. Kwenye sirizi episodi haifiki hata saa nzima, wangekaa kila wiki wanajifunza lugha mpya stori isingesogea, wakaamua watu waongee tu. Nimelielewa ila sijalipenda, sisi tuliozoea kubadilisha lugha tatu kabla ya kufika sokoni tunajua humo kuna stori nyingi wamezitupa.

Ila usiache kwa sababu hiyo. Yako maneno ya Wajaffa, wale askari watumwa wa maadui, kina Teal'c, wameyaacha kama yalivyo, mfano "kree". Wataalam wa Kiingereza wanahangaika kulitafsiri maana linatumika kuamrisha, kuita, kuharakisha, kutisha, kunyamazisha. Mi nikawa nacheka peke yangu, si ni "haya!" tu jamani? Haya twende, haya kaa kimya, haya nimekubali, haya we subiri uone. Tangu siku hiyo kila Mjaffa akipaza sauti mi nasikia haya, na inakaa vizuri kabisa.

Sizoni ya 9 na ya 10 ni za kazi gani? Kanali O'Neill kaondoka, maadui wameisha, wameleta wengine. (Dodoma)

Nakubaliana na wewe nusu. Richard Dean Anderson, anayemcheza O'Neill mkuu wa kile kikosi, alivyopungua ule utani ukaondoka naye, tulimzoea tangu sirizi yake ya zamani, MacGyver. Lakini wale Ori waliokuja nao sio maadui wa kupuuza, maana wale wa mwanzo, Goa'uld, walikuwa waongo, ni nyoka wadogo wanaoingia mwilini mwa mtu wanamtawala halafu anajiita mungu, ukishamfichua amekwisha. Hawa Ori nguvu wanazo kweli. Sasa unamwambiaje mtu asiabudu kitu ambacho nguvu zake anaziona kwa macho? Swali gumu hilo, bahati mbaya walipewa sizoni mbili tu, stori ikaja kumaliziwa kwenye muvi ya 2008, The Ark of Truth. Nitairudia hapo chini.

Teal'c haongei, anainua nyusi tu. Mnamsifia nini? (Mombasa)

Kijana, mimi ni mwanajeshi mstaafu. Hiyo sirizi ni tangazo la jeshi la anga la Marekani, wasomaji wako uwaambie. Na huyo Teal'c unayempenda ameua watu kwa miaka na miaka kwa amri ya bwana wake, halafu siku moja anageuka anakuwa shujaa. Kazini kwetu mambo hayaendi hivyo. (Arusha)

Shikamoo mzee. Nimeziweka hizi mbili pamoja maana jibu ni moja na ndilo nililotaka kuandika tangu mwanzo.

La tangazo ni kweli una hoja. Jeshi la anga la Marekani lilikuwa linapitia miswada yao, na wakuu wawili wa jeshi hilo, Jenerali Michael Ryan na Jenerali John Jumper, kila mmoja ameonekana kwenye episodi akicheza kama yeye mwenyewe akiwa bado ofisini. Sasa jeshi haliwezi kukufungulia milango namna hiyo bila lenyewe kupata kitu. Faida yake ni kwamba saluti, vyeo na amri vinafanana na vya kweli, Carter, yule mwanamke mwanasayansi wa kikosi, anaanza kapteni tunamwona anapanda, meja, hadi luteni kanali, hapandi kwa miujiza. Na yule Jenerali Hammond, mkuu wa kambi, aliyemcheza ni Don S. Davis, alishatumikia jeshi la nchi kavu huko Korea, nadhani ndiyo maana akikaa kimya mezani unaona ni mkuu wa kikosi kweli.

Lakini mzee naomba uangalie episodi moja ya sizoni 1, inaitwa Cor-ai. Kikosi kinafika kwenye kijiji, kijana mmoja anaitwa Hanno anamtambua Teal'c, huyu ndiye aliyemuua baba yangu. Anakamatwa, anashtakiwa, na kwa sheria yao Hanno aliyedhulumiwa ndiye atakayetoa hukumu. Wenzake wanatafuta utetezi, alikuwa askari, aliamriwa, asingefanya yeye angefanya mwingine. Teal'c anakataa kujitetea. Ni kweli, anasema, nilimuua, na ana haki ya kunihukumu. Kumbe wale wanakijiji wakivamiwa huwa hawamwachi mtu nyuma, wanamsubiri hadi wa mwisho, na baba yake Hanno alikuwa mlemavu hawezi kukimbia. Teal'c alipoamriwa na Apophis, yule Goa'uld aliyekuwa bwana wake, aue mmoja alimchagua yule, ili siku nyingine waliobaki wakivamiwa waweze kuwahi kukimbia. Hebu fikiria mtu anabeba hesabu kama hiyo kichwani. Na hiyo sababu hakuitoa ili aonewe huruma.

Halafu humo humo O'Neill anamwomba Hammond watu wamtoe Teal'c kwa nguvu, Hammond anakataa, anasema Marekani haina kawaida ya kuingilia mambo ya watu wengine. O'Neill anamuuliza, tangu lini? Ni maneno mawili lakini yametoka mdomoni mwa kanali wa jeshi hilo hilo, kwenye sirizi inayosaidiwa na jeshi hilo hilo, kwa hiyo tangazo tupu silioni.

Na ndugu yangu wa Mombasa, unauliza haongei kwa nini. Ataongea nini? Tangu mtoto amebebeshwa tumboni kile kijinyoka cha mabwana Goa'uld, ndicho kinga ya mwili wake, kikitolewa anakufa, utumwa wake upo ndani ya ngozi. Watu wake wanamwita shol'va, msaliti, mke na mtoto kawaacha nyuma. Episodi ya kwanza kabisa, anaamriwa awaue wafungwa, O'Neill anapiga kelele kwamba anaweza kuwaokoa hawa watu, Teal'c anamjibu wengi wamesema hivyo, wewe ndiye wa kwanza ninayeamini unaweza, anageuza silaha kwa walinzi wenzake. Sentensi moja tu hiyo, na maisha yote aliyoyajua yameishia hapo.

Mzee umesema kazini kwenu mambo hayaendi hivyo, kwamba mtu hageuki siku moja akawa shujaa. Na Teal'c mwenyewe anasema hivyo hivyo. Mle kwenye The Ark of Truth kuna askari wa Ori anaitwa Tomin, amechoma vijiji kwa imani yake, sasa amejua alidanganywa hata kula hawezi. Teal'c anakaa naye, mi nilidhani atamfariji. Anamwambia hutajisamehe kamwe, likubali hilo. Uliumiza watu wengi na haitafutika, hata wakija kukwambia wamekusamehe. Ila kazi bado ipo ya kufanya.

Ziangalie hizo mbili usiku mmoja mzee, Cor-ai kwanza, halafu uniandikie tena.