Maswali yenu: pesa iliyopotea njia, haki, na hasira ya kurithi

Maswali yamekuja kibao lakini leo nachukua matatu tu, yale ya mapenzi tafadhali pelekeni kwingine.

Nimetumiwa 3,500 kwa simu kimakosa na mwenyewe hajapiga. Nikinyamaza kuna mtu nimemkosea? (Kondele)

Yupo, huyo mwenye pesa. Hebu twende soko la Kibuye, Kisumu, kwanza. Kuna gorogoro zingine, yale makopo ya kupimia nafaka, zimegongwa chini kwa nyundo, mahindi yanafurika juu unaona umependelewa kumbe umeibiwa viganja viwili hivi. Sasa kuna mama anapima na gorogoro nzima, ukimuuliza mbona hagongi kama wenzake anakuambia ati kastama akishtuka hatarudi. Mjerumani Immanuel Kant aliandika juu ya mtu kama huyo 1785, yeye alisema mwenye duka: amefanya kilicho sawa, ila si kwa sababu ni sawa, ni kwa sababu ya biashara. Wajibu unauona vizuri pale mtu hana cha kupata, na ndio hapo uko wewe na hiyo 3,500. Jiulize kama unaweza kutaka kila anayetumiwa kimakosa anyamaze. Kant hasemi ati utaumia siku moja, anasema hiyo sheria huwezi kuitakia wote, unataka tu wewe peke yako usihesabiwe. Rudisha, lakini pitia kwa kampuni yenyewe, usirudishe kwa namba yoyote inayopiga ikilia, wakora nawajua.

Haki si ni zile ziko kwa katiba? Serikali ikizifuta si zimeisha? (mwanafunzi, Maseno)

Soma kifungu cha 19 cha katiba yetu ya Kenya ya 2010, yenyewe inasema haki ni za kila mtu na hazikutolewa na serikali. Jeremy Bentham wa Uingereza angecheka, kwake haki za kuzaliwa nazo ni upuzi, tena upuzi uliopanda mironjo. Ako na pointi kidogo, sababu haki ikikosa mtu wa kudaiwa inabaki maneno tu. Lakini mimi niko na Odera Oruka, mtu wetu wa Siaya aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alisema kuna kiwango cha chini ambacho binadamu hafai kushushwa chini yake: usalama wa mwili, afya, na riziki ya kuishi. Ukimnyima mtu hizo hawezi hata kutumia akili yake kama mtu, sasa utamdai uadilifu aje? Huwa nakumbuka hiyo kila mto Nyando ukivunja kingo watu wa Kano wanalala kwa madarasa, halafu mtu kwa redio anasema wanasaidiwa. Wanasaidiwa? Wanadai chao bana.

Mimi hupandwa na hasira haraka kama baba yangu. Inabadilika? (fundi wa mjengo, Nakuru)

Siku ya kwanza ulishika mwiko ukuta ulinyooka? Aristotle, Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitumia mfano huo huo wa kujenga, tabia inakuja kwa kuirudia. Na hakusema usikasirike kabisa, asiyekasirika hata akichezewa naye alimwona ana kasoro, shida ni unamkasirikia nani, lini, na kiasi gani. Mzee mwache. Kesho mtu wa mkono akizidisha maji kwa simiti, anzia hapo.