Acheni watu washangilie, ila beki ya kulia tuiangalie

Mkuu, unauliza kwa nini sisi wa Mbeya tunapiga kelele kana kwamba tumebeba kombe, wakati tumewafunga vijana wa daraja la chini kwenye mtoano wa Kombe la FA la hapa Tanzania, kisha unasema tumewaonea. Kwani ulitaka tunune? Watu wametoka Uyole na Mwanjelwa na baridi ile, wamekaa Sokoine mpaka filimbi ya mwisho. Waache.

Hapo kwenye "mmewaonea" ndipo sikubaliani. Timu ndogo unaiheshimu kwa kuichezea kwa nguvu zote. Ukileta madoido na pasi za visigino ndio dharau yenyewe, tena mtoano huu hauna marudiano ya kukuokoa, ukifungwa umetoka.

Ila mabao mengi yasitulevye. Mwaka 1885 Arbroath waliifunga Bon Accord 36-0 kwenye Kombe la Uskoti, na siku hiyohiyo Dundee Harp wakashinda 35-0! Hakuna aliyebeba hata bao moja kwenda raundi iliyofuata, maana mtoano hauna hesabu ya tofauti ya mabao.

Kinachonikera mimi ni upande wa kulia. Beki anapanda, harudi. Wale vijana wamepita pale wanavyotaka, papara zao tu ndizo zimetuokoa. Ukikutana na winga wa Ligi Kuu mwenye utulivu, umeliwa. (Na kipa wao msimcheke, bila yeye ingekuwa aibu zaidi.) Bingwa wa kombe hili anakwenda Kombe la Shirikisho Afrika, kwa hiyo kocha aushughulikie upande huo wa kulia kabla hatujapangiwa mkubwa.