Risasi ipi kwa kulungu mkia-mweupe ukiwa na .308? Jibu refu

Mkuu, umeuliza hivi: uko Minnesota, Marekani, umenunua bunduki ya .308 Winchester yenye mtutu wa inchi 20, msimu wa kulungu mkia-mweupe ni Novemba, na dukani umekuta rafu nzima ya maboksi, kila moja na jina lake na uzito wake. Uchukue lipi? Kwa mwenye haraka: kichwa cha kawaida cha ncha laini, greini 150 (greini ni kipimo cha uzito; kama 15 ni gramu moja). Kama hutaki madini ya risasi (lead) kwenye nyama, chukua cha shaba tupu, greini 130 hadi 150. Lakini ni vizuri ujue sababu, maana bila hiyo utayumbishwa na picha za boksi kila msimu.

Nikisema kichwa nakusudia kile kinachotoka mtutuni na kumfikia mnyama. Ganda, baruti na fataki inayoiwasha kazi yake huishia mkononi mwako. Wengi huchagua kwa jina la kaliba na ukubwa wa ganda, wakati kinachomuua kulungu haraka au kumwacha akimbie na jeraha ni jinsi kichwa kilivyoundwa na mwendo kinaofika nao.

Kulungu mkia-mweupe si mnyama mgumu. Dume mzima wa huko kaskazini anaweza kufika kilo 100 na zaidi, lakini ngozi yake ni nyepesi na mbavu ni nyembamba. Moyo na mapafu viko ndani ya duara la sentimita 20 hadi 25. Kufika huko si kazi kwa .308, wala kwa .243 iliyo ndogo kuliko yako. Kazi ni kinachotokea kichwa kikishaingia: kichanue hadi kipenyo chake kikaribie mara mbili, kipasue mapafu yote mawili, kisha kitokee upande wa pili. Usidharau hilo tundu la kutokea. Mara nyingi ndilo linalomwaga damu utakayoifuata msituni jioni.

Kila kichwa kina mwendo ambao chini yake hakichanui, na mwingine ambao juu yake kinasambaratika. Ncha laini za kawaida huhitaji kufika na kama futi 1,800 kwa sekunde (mita 550). Vichwa vingi vya shaba tupu ni vigumu zaidi, navyo ni salama kuvihesabia futi 2,000 (mita 610). Chini ya hapo kichwa kinapita kama msumari: tundu dogo la kuingia, tundu dogo la kutoka, damu kidogo, na mnyama anakwenda kufia mbali usikomwona.

Ili uone kwa nini uzito peke yake hautoshi, chukua vichwa vitatu vya greini 150 vyenye kipenyo kilekile cha inchi 0.308. Katika .30-30, ganda la mwaka 1895, kinatoka na futi 2,390 kwa sekunde. Katika .308 yako ni kama 2,820. Katika .300 Winchester Magnum ni kama 3,290. Kiwanda hakiweki kichwa kimoja kotekote. Cha .30-30 kimelainishwa ili kichanue kwenye mwendo mdogo. Ukikipeleka kwa mwendo wa Magnum kwenye bega la kulungu aliye karibu, kinavunjika vipande juujuu kabla ya kufika kwenye mapafu. Cha Magnum nacho, ukikipunguzia mwendo hadi wa .30-30, huenda kisichanuke vya kutosha. Wanaojijazia risasi nyumbani ndio hasa wanaoingia mtego huu, kwa sababu vichwa vyenyewe vinatoshea vyote.

Sasa bunduki yako. Mwendo ulioandikwa kwenye boksi kwa kawaida umepimwa kwa mtutu wa inchi 24. Kila inchi inayopungua hukunyang'anya futi 20 hadi 25 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mtutu wako wa inchi 20 unatoa karibu futi 2,730. Ncha laini ya greini 150 ikianza na mwendo huo, inafika yadi 300 ikiwa na futi 1,900 na kitu, na inashuka chini ya 1,800 karibu na yadi 350. Kwa shaba tupu weka mpaka wako yadi 250. Wenye mtutu mfupi wa inchi 16 wapunguze tena. Lakini katika misitu ya Minnesota kulungu wengi watakuwa ndani ya yadi 150, kwa hiyo hofu ya kichwa kutochanua haikuhusu sana. Kinachokuhusu ni upande wa pili: kulungu aliyesimama yadi 30, na kichwa laini kinachogonga mfupa wa bega kikiwa bado na futi 2,600. Hapo unaweza kupoteza nyama ya bega lote, imevilia damu mpaka haifai.

Ukijua hilo, rafu ya dukani inasomeka. Kundi la kwanza ni koti la shaba juu ya kiini cha madini ya risasi, ncha ikiwa wazi. Hapa ndipo ilipo Remington Core-Lokt, iliyoko sokoni tangu 1939, pamoja na Winchester Power-Point, Federal Power-Shok na Hornady InterLock. Ni za bei nafuu, zinachanua vizuri, na kwa kulungu wa kawaida hazina upungufu wa maana. Zinapoteza sehemu ya uzito zikishaingia, na hilo ndilo linalofanya jeraha liwe pana. Ushauri wangu kwa anayeanza ni hizi, na lenga nyuma ya bega, usilenge mfupa.

Zenye ncha ya plastiki juu ya muundo uleule laini, kama Nosler Ballistic Tip na Hornady SST, zinakata upepo vizuri na zinachanua upesi sana. Kwenye mashamba ya wazi, yadi 200 kwenda mbele, ni nzuri. Kwa msituni, karibu, zinaharibu nyama mno, nami sizipendekezi kwa mazingira yako. Angalizo: ncha ya plastiki haikwambii chochote kuhusu ugumu wa kilichoko nyuma yake, kwa kuwa hata vichwa vya shaba tupu vinawekewa. Soma maelezo ya boksi, usiangalie rangi ya ncha.

Kisha kuna zile ambazo koti na kiini vimeunganishwa visiachane, mfano Federal Fusion na Nosler AccuBond. Karibu nazo kuna Nosler Partition, muundo wa John Nosler uliouzwa tangu 1948, wenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele inachanua, ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kupenya. Kwa .308 na kulungu si lazima. Zinapata maana kwa mwenye 7mm Remington Magnum au .300 Magnum anayewinda karibu, au kwa mwenye .243 anayetaka uhakika mnyama akiwa amesimama mshazari.

Shaba tupu nitaikalia kidogo, kwa sababu wengi wanaipenda bila kujua namna ya kuitumia. Kampuni ya Barnes ndiyo iliyoitangulia mwaka 1989, na leo kuna Barnes TTSX, Federal Trophy Copper, Nosler E-Tip na Hornady CX. Kichwa kinafunguka petali nne hadi sita na kubakiza karibu uzito wake wote. Kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kichwa cha shaba cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na kichwa kirefu kinahitaji mtutu unaokizungusha kwa kasi zaidi ili kitulie hewani. Ndiyo maana kwenye shaba unashuka uzito: ulikuwa unatumia 165, chukua 150, ulikuwa unatumia 150, chukua 130. Unapata mwendo, na mwendo ndio shaba inaoutaka. Pia sogeza shabaha mbele kidogo. Shaba haisambaratiki, kwa hiyo unaweza kupita kwenye bega lenyewe bila kupoteza nyama nyingi, na mnyama huanguka karibu. Ukiipitisha nyuma kabisa ya mbavu utapata jeraha jembamba, kulungu atakimbia, na utaanza kuilaumu risasi.

Sababu kubwa ya kuchagua shaba ni mezani. Kiini laini kikigonga mfupa kinatawanya chembe ndogo mno kuonekana kwa jicho, na picha za eksirei za mizoga zimezionyesha hata zaidi ya sentimita 30 kutoka kwenye njia ya jeraha. Kwa watoto wadogo na mama wajawazito hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kuwa salama. Ukiendelea na ncha laini, kata nyama ya kuzunguka jeraha kwa ukarimu na uitupe, wala usimwage maji kifuani kusafisha damu, maana maji yanazisafirisha hizo chembe hadi kwenye nyama nzuri. Kwa nyumba yenye watoto, ningelipa bei ya shaba. Na kwa aliyeko California hakuna la kuchagua: tangu 1 Julai 2019 risasi zenye madini hayo haziruhusiwi kuwindia mnyama yeyote wa pori. Denmark nayo imezizuia kwa bunduki za kuwindia tangu 2024.

Usinunue zile za kijeshi za 7.62 zenye koti kamili lililofunika hata ncha, hata kama ni rahisi. Hazichanui, na majimbo mengi yanazikataza kwa kulungu. Za mashindano ya shabaha pia ziache: zimeundwa zitoboe karatasi mahali pamoja, na ndani ya mnyama mmoja zitapasuka, mwingine zitapita tu. Zile za wanyama wadogo waharibifu, nyepesi na za haraka sana, zinalipukia juu ya ngozi. Kwa mwenye bunduki ya .30-30 ambayo risasi zinapangana kwenye bomba chini ya mtutu, asitie kichwa chenye ncha kali ngumu, kwa sababu ncha ya iliyo nyuma inakaa juu ya fataki ya iliyo mbele. Atumie ncha bapa, au zile zenye ncha laini ya mpira zilizotengenezewa mabomba hayo.

Kwa wenye kaliba nyingine, kwa kifupi: .243 tumia greini 95 hadi 100, 6.5 Creedmoor 129 hadi 143; .270 ni 130; 7mm-08 ni 139 au 140; .30-30 ni 150 au 170; .30-06 ni 150 hadi 180. Kabla ya kununua soma jina lililochongwa kwenye mtutu na ulinganishe neno kwa neno na boksi. Risasi ya .300 Blackout inaweza kuingia kwenye bunduki ya .223, na ikifyatuliwa humo inaipasua.

Sheria ziangalie jimbo kwa jimbo, kila msimu. Colorado inataka kichwa kinachochanua, kisichopungua greini 70 kwa kulungu, na nishati ya futi-pauni 1,000 kikifika yadi 100. Ohio, kwa raifoli, inaruhusu tu maganda yaliyonyooka yasiyobanwa shingoni, kwa hiyo .308 yako huko haitumiki kwa kulungu. Na kwa sisi wahamiaji: sheria ya shirikisho haimkatazi mwenye grini kadi kumiliki bunduki, lakini aliyeingia kwa viza ya muda amekatazwa isipokuwa ana moja ya vibali vilivyotajwa, mojawapo leseni halali ya uwindaji. Usiguse bunduki ya rafiki kabla hujalijua hilo.

Sasa ununuzi wenyewe. Nunua boksi moja moja la aina mbili au tatu, zenye risasi 20 kila moja, ukae uwanjani ukiegemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga. Ukitoka kwenye risasi za koti kwenda shaba tupu, safisha mtutu kwanza, la sivyo makundi ya mwanzo ya matundu yatakudanganya. Anza yadi 25 ili uwe kwenye karatasi, kisha nenda 100. Piga tatu, acha mtutu upoe, piga tatu tena. Inayokusanya matundu ndani ya sentimita 5 mara zote ndiyo ya bunduki yako, hata kama ni ya bei ndogo kuliko nyingine. Kwa greini 150, darubini ikiwekwa ili ipige sentimita 5 juu kwenye yadi 100, itapiga katikati karibu na yadi 200, na kwenye 300 itakuwa imeshuka kama sentimita 25. Ukibadilisha uzito au chapa, rudia yote. Vichwa vya 150 na 165 kutoka mtutu mmoja vinaweza kuachana sentimita kadhaa.

Mnyama akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu mpaka theluthi ya kifua. Akikugeuzia nyuma kidogo, lenga njia ya kutokea kwenye bega la upande wa pili. Akikuelekea mshazari na una ncha laini, subiri ageuke. Hakuna kichwa kinachopita vichakani bila kupotoka, kiwe kizito vipi, kwa hiyo matawi yakiwa njiani pia subiri. Kwa Waislamu, ubavu ndio unaofaa zaidi: tasmia (kutaja jina la Mungu) unapofyatua, na ukimkuta bado yu hai shingo iko salama kwa kuchinja. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu, mfuate baada ya nusu saa. Nyeusi nyeusi ni ya ini, ngoja saa chache. Yenye kijani na harufu ya tumbo, mwache saa sita au zaidi, kwani ukimshtua mapema atasimama na kwenda maili nyingine.

Ukishapata inayokubaliana na bunduki yako, nunua maboksi matatu au manne yenye namba moja ya toleo la kiwandani, na moja lifungue tena wiki moja kabla ya msimu, asubuhi ya baridi, upige risasi ya kwanza mtutu ukiwa haujapata moto. Hiyo ya kwanza ndiyo utakayompiga nayo kulungu, kwa hiyo itazame ilipotua kuliko zinazofuata.