Kabla Hujaituma Filamu Yako Fupi

Juzi kijana mmoja wa Kisumu aliniuliza: "Kaka, filamu yangu fupi ina dakika 46. Nifanyeje ifike kwenye tuzo za Oscar?" Sikulala, maana hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa na dakika 43. Nilikopa kwenye chama chetu cha akiba, tukarekodi siku tisa Kajiado, nikalipa ada za matamasha kumi na moja. Yote yakanikataa. Moja lilijibu kwa mstari mmoja tu: imezidi muda. Kumbe hata Oscar haipokei filamu fupi inayozidi dakika 40, ukihesabu na majina yanayopita mwishoni. Kanuni sikuwa nimezisoma. Tena ndani yake kulikuwa na sini (onyesho) ya mama akisonga ugali, dakika sita nzima, mwiko unazunguka, mvuke unampanda usoni. Niliipenda kama mwanangu. Kila aliyeniambia niikate nilimwona ananionea wivu. Hadi leo inaniuma.

Halafu nikaitazama filamu fupi ya Watu Wote. Dakika 22 hivi. Basi la kwenda Mandera, Desemba 2015, Al-Shabaab wanalisimamisha, abiria Waislamu wanakataa kuwatoa wenzao Wakristo. Watu wanaongea Kiswahili na Kisomali, kama tunavyoongea. Ilikuwa kazi ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg, Ujerumani, mwongozaji Katja Benrath, ila ilirekodiwa hapa Kenya na waigizaji wetu. Mwaka 2017 ilishinda Oscar ya Wanafunzi, na medali ya huko inakufungulia mlango wa kuwania Oscar yenyewe. Mwaka 2018 ikateuliwa. Haikushinda, lakini nililia niliposikia jina la Kiswahili likitajwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, someni kanuni. Usitawanye ada ovyo: kuna matamasha ambayo ukishinda unapata sifa ya kuwania Oscar, na orodha yake iko wazi. Anza na hayo. Na kateni filamu zenu, jamani, kateni! Tunaota zulia jekundu huku kurasa chache za masharti zinatushinda kusoma. Hiyo si bahati mbaya, ni uvivu, na mimi niliulipia.

Filamu yangu ya pili ina dakika 19. Mwezi uliopita imekubaliwa na tamasha, mara ya kwanza maishani mwangu.

Wewe wa Kisumu, anza kwa kukata sini unayoipenda kuliko zote. Ukimaliza nitumie, nitaitazama usiku huohuo.