Mtoto amesimamishwa maziwa wodini, na nyumbani wanasema anateswa kwa njaa

Swali: Daktari, nilijifungua mimba ikiwa na wiki 30, mtoto akiwa na gramu 1,300. Siku ya 12 tumbo lilivimba, akatapika kijani, na choo kikawa na damu. Wamemsimamisha maziwa, wamemtia mpira puani na dripu. Mavyaa wangu anasema hilo ni chango, na ameniletea maji ya dawa nimdondoshee kwa siri, japo tone moja. Nifanyeje? Mama wa Kisauni.

Jibu: Mama, usimtie chochote mdomoni. Dalili ulizozieleza zinalingana na ugonjwa wa utumbo ambao madaktari huufupisha kwa herufi NEC, na ambao huwapata zaidi watoto waliozaliwa kabla ya siku zao wakiwa na uzito usiofika gramu 1,500. Ukuta wa utumbo hufura, bakteria wakaupenya, na sehemu yake huweza kufa na hata kutoboka. Ndiyo maana mtoto hupigwa eksirei ya tumbo mara kwa mara, kwani utumbo ukitoboka huenda akahitaji upasuaji.

Kila wiki nasikia maneno haya ya njaa, na ndiyo yanayonisikitisha kuliko ugonjwa wenyewe. Mpira ule wa puani hautumiki sasa kumlisha, bali kutoa hewa na majimaji yanayoujaza utumbo uliojeruhiwa. Tazama kile kifuko kilichounganishwa nao: ile rangi ya kijani ni nyongo, na ikianza kupungua na majimaji kuwa maangavu, hiyo ni mojawapo ya dalili kwamba utumbo unaamka. Maji, sukari na chumvi anazipata mshipani pamoja na antibiotiki. Mapumziko haya mara nyingi huchukua siku 7 hadi 14, kisha maziwa hurudishwa kwa vipimo vidogo sana.

Nilipata kumwona bibi mmoja akitoa kwenye pindo la leso yake kichupa kilichokuwa cha dawa ya macho, amekijaza maji ya mitishamba. Tulikuwa tumechelewa kumzuia. Tulipovuta mpira kwa sirinji yalitoka majimaji ya hudhurungi yenye harufu ya bizari, na siku za kuupumzisha utumbo zikaanza kuhesabiwa upya. Bibi yule alimpenda mjukuu wake, wala simlaumu. Ninayemlaumu ni aliyemuuzia kichupa kile bila hata kuuliza mtoto ana umri gani na amelazwa wapi.

Wala usidhani kwamba maziwa yako ndiyo yaliyomdhuru, kwani maziwa ya mama hupunguza hatari ya ugonjwa huu. Endelea kukamua walau mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo, ili siku atakayoruhusiwa uwe nayo. Benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini, iliyofunguliwa Pumwani, Nairobi, mwaka 2019, iliwekwa kwa ajili ya watoto kama huyu wako ambao mama zao hawana maziwa ya kutosha.

Kwa wazazi wengine wanaosoma hapa, jihadharini na neno chango. Gesi ya kawaida huitwa chango, NEC huitwa chango, na utumbo uliojinyonga nao huitwa chango, ilhali huo wa mwisho unaweza kufa ndani ya saa chache huku familia ikizunguka mtaani kutafuta mtu wa kuchua tumbo. Mtoto mchanga anayetapika kijani hapelekwi kwa muuza dawa. Hupelekwa hospitali yenye daktari wa upasuaji, saa ile ile. Na hata aliyepona NEC akarudi nyumbani, kovu huweza kuubana utumbo wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo tumbo likivimba tena, akikosa choo au akitapika kijani, mrudisheni usiku huo huo na mwelezeni daktari kwamba aliwahi kuugua NEC.