Maswali Yenu: Kuihakiki Kampuni Kabla ya Kumfungulia Mteja Faili

*Ofisi yetu ya uwakala wa forodha iko Shimanzi. Mteja mpya ametuletea kopi ya cheti cha usajili wa kampuni yake na CR12 (hati ya msajili wa kampuni) ya mwaka jana. Tajiri wangu asema zatosha, mimi nina wasiwasi. Nifanyeje?*

Wasiwasi wako ni wa haki. Cheti chaonyesha tu kwamba kampuni ilisajiliwa siku fulani. Hakisemi kama ingali hai, wala ni ya nani leo. CR12 ndiyo yenye wakurugenzi na wenye hisa, lakini nayo husema kweli ya siku iliyotolewa. Hisa zaweza kuuzwa kesho yake. Na karatasi iliyopita mikononi mwa mteja yaweza kuguswa: kubadilisha jina moja kwenye PDF ni kazi ya dakika chache.

Basi itoe CR12 mpya mwenyewe. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, fungua huduma za usajili wa biashara (BRS), omba utafutaji rasmi, ulipe. Tafuta kwa nambari ya usajili, si kwa jina, kwani majina hukaribiana mno. Nambari za siku hizi huanza na PVT- kisha mchanganyiko wa herufi na tarakimu, kwa hivyo angalia usichanganye O na sifuri.

Ikitoka, iweke sambamba na ile ya mteja uzisome zote mbili mstari kwa mstari: nambari, tarehe ya usajili, wakurugenzi, hisa za kila mmoja. Mkurugenzi aliyemo kwenye ya zamani na hayumo kwenye mpya hana mamlaka ya kukutilia sahihi, hata kama ndiye unayemjua. Halafu hakiki PIN, yaani nambari ya mlipa kodi, kwenye iTax, mfumo wa kodi wa KRA. Ya kampuni huanza na P. Ukipewa inayoanza na A, hiyo ni ya mtu binafsi.

Pale wengi wanapokomea ndipo penye kazi hasa. Mwenye hisa akiwa kampuni nyingine, itafute na hiyo, mpaka ufike kwa binadamu. Tuseme kampuni ya mteja ina hisa 1,000, na 600 kati yake zashikwa na kampuni ya pili. Ndani ya hiyo ya pili, mtu mmoja ana asilimia 30. Hisa 600 ni asilimia 60 ya zote, na asilimia 30 ya 60 ni 18. Jina lake halimo popote kwenye CR12 ya mteja wako, lakini kwa kanuni za Kenya za 2020 yeye ni mmiliki halisi, yaani binadamu aliye nyuma ya hisa, maana kiwango ni asilimia 10 ya hisa, iwe moja kwa moja au kwa kupitia wengine. Daftari la wamiliki halisi halifunguliwi kwa umma, kwa hivyo mwombe mteja kopi ya taarifa aliyoiwasilisha kwa msajili, uilinganishe na hesabu yako. Akikataa, usimfungulie faili.

*Mteja wangu wa Kongowea ana cheti kisicho na neno "Limited", na asema hana CR12. Je, anificha kitu?*

La. Hilo ni jina la biashara, si kampuni. Halina hisa, na deni la biashara ni deni la mwenyewe. Tafuta jina hilo kwenye BRS upate mwenye biashara, kisha ulinganishe na kitambulisho chake. Kama ni ya mtu mmoja, PIN yake ya A hapa ni sawa.

*Tunaagiza vipuri kutoka Guangzhou. Jina la kampuni lililo kwenye ankara silipati kwenye daftari la China.*

Jina la kisheria la kampuni huko ni la Kichina. La Kiingereza kwenye ankara, muuzaji hujichagulia. Mwombe leseni yake ya biashara, uchukue nambari yake ya usajili yenye herufi na tarakimu 18, uitafute kwenye mfumo wa taifa wa taarifa za kampuni, ambao ni bure. Tazama kama kampuni ingali hai, mwakilishi wake wa kisheria ni nani, na shughuli iliyoandikishwa ni ipi. Kisha linganisha na jina la akaunti ya benki kwenye ankara. Likiwa la mtu binafsi, au la kampuni nyingine, usitume pesa mpaka upate maelezo ya maandishi, na maelezo hayo yahakiki kwa simu uliyoipata kwingine, si iliyoandikwa kwenye ankara hiyo hiyo.